Kinanda Kimoja, Milango Mingi

Ukitaka kuiandika historia ya muziki wa Dar es Salaam, usianze na waimbaji. Anza na vyombo, kisha uliza swali moja tu: vilikuwa vya nani? Mwimbaji tunamjua kwa sauti yake, mpiga solo tunamjua kwa vidole vyake. Lakini gitaa lenyewe lilikuwa la chama, la kiwanda, la jeshi au la tajiri fulani mwenye baa. Na kinanda kinacholia leo kwenye singeli ya kitaani, mara nyingi ni cha mwenye studio, si cha kijana aliyekipiga.

Ndugu msomaji, mada yangu itaonekana ya mafundi: namna kifaa kimoja cha MIDI kinavyoweza kutumiwa na programu zaidi ya moja ndani ya kompyuta moja. Usifunge ukurasa. Nitajitahidi kuonyesha kwamba jambo hili dogo la waya na programu ni sura mpya ya kisa cha zamani sana hapa mjini, kisa cha watu wengi kupita kwenye mlango mmoja.

VYOMBO VYA CHAMA

Mji huu umekuwa na bendi za dansi tangu miaka ya 1930, ilipoanzishwa Dar es Salaam Jazz Band. Lakini baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki wakawa waajiriwa. Mshahara mwisho wa mwezi, vyombo mali ya chama. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, mpaka tukaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Angalia hapo: jina la bendi lilimfuata mwenye vyombo, halikumfuata mpigaji.

Wengine wakafuata njia hiyohiyo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kikawa na Urafiki Jazz. Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz. Polisi, Magereza na JKT, kila mmoja na bendi yake. Shirika la usafiri UDA nalo halikubaki nyuma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo tukapata jina refu la DDC Mlimani Park Orchestra.

Mpango huu ulikuwa na faida, tukubali tukatae. Kijana asiye na senti tano aliweza kushika gitaa la umeme, kwa sababu shirika lilikuwa na uwezo wa kupata kibali cha fedha za kigeni naye hakuwa nao. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha hizo zilikuwa adimu kama sukari. Bila mashirika pengine tusingekuwa na muziki ule unaowaliza wazee kila Jumapili.

Lakini ubaya wake nao ulikuwepo. Mwanamuziki alipogombana na uongozi, alitoka na nguo alizovaa. Ndiyo maana historia ya dansi imejaa habari za kuhama: leo fulani yuko Mlimani, kesho yuko Safari Sound, keshokutwa karudi Msondo. Tukasema wanamuziki wana tamaa. Hatukujiuliza: mtu asiye na gitaa lake, asiye na spika zake, angekwenda wapi kama si kwa mwenye navyo mwingine? Hata nyimbo alizotunga zilibaki kwenye kanda za Radio Tanzania, na zilipopigwa redioni mtangazaji alitaja bendi.

KINANDA CHAINGIA TAARABU

Sasa tuje kwenye kinanda. Taarabu ya zamani ya Unguja ilihitaji kikosi. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958, zilikaa jukwaani kama harusi ya kifahari: fidla kadhaa kwa mstari, udi, ganuni, kodiani, ngoma, waitikiaji. Kila sauti na mtu wake, kila mtu na kiti chake.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Likaja kundi la East African Melody, likaja Tanzania One Theatre la kina Kapteni John Komba na Khadija Kopa, likishindana na Muungano Cultural Troupe la Norbert Chenga. Ndipo rusha roho ikashika mji, Temeke hadi Mwananyamala. Watu walisikiliza mipasho, nani kamwambia nani. Wachache walitazama nyuma ya mwimbaji, ambako mapinduzi yalikuwa yakifanyika kimyakimya: safu ya fidla ilikuwa imeondoka, na mahali pake kasimama mtu mmoja na kinanda cha umeme. Mkono wa kulia fidla, mkono wa kushoto besi, na ngoma zinajipiga zenyewe ndani ya boksi.

Kwa hiyo kinanda kilikuja na mambo mawili kwa pamoja. Kiliwafungulia mlango vikundi vidogo visivyoweza kulipa watu 20. Na kiliwafungia mlango hao watu 20. Mwandishi wa riwaya anayetafuta kisa asihangaike kwenda mbali; amfuate mpiga fidla siku ile alipoambiwa kwamba safari hii gari halina nafasi.

WALIOKUBALIANA LUGHA MOJA

Kule vilikotengenezwa vinanda kulikuwa na tatizo la aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Kinanda cha Mjapani hakikuelewana na kinanda cha Mmarekani, kama watu wawili wa makabila tofauti kabla ya Kiswahili. Mjapani Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, na Mmarekani Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits, wakawa miongoni mwa walioshawishi makampuni yakubaliane. Smith alitoa pendekezo lake mwaka 1981. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Sequential kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland, na kimoja kikakipiga kingine. Lugha hiyo ndiyo MIDI.

Mwaka huohuo wa 1983 hapa kwetu ilikuwa ni vita ya wahujumu uchumi, watu wakificha sabuni chini ya mvungu. Na kompyuta zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini tangu mwaka 1974 bila kibali maalumu. Kwa hiyo lugha hiyo ilizaliwa bila sisi kujua. Ila jambo moja walilofanya waasisi wake lilitusaidia hata sisi tuliochelewa: hawakuitoza ada. Kiwanda chochote, kikubwa kwa kidogo, kiliruhusiwa kuitumia bure. Ndiyo maana hata kinanda cha mtumba kinachouzwa Kariakoo kinaweza kuzungumza na kompyuta ya leo. Mwaka 2013 Kakehashi na Smith walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo, miaka 30 baadaye.

Sasa MIDI ni nini hasa? Wengi wanadhani ni sauti. Siyo. Waya wa MIDI haupitishi sauti hata kidogo. Unapitisha amri: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, kisha kimeachiwa. Anayetoa sauti ni yule anayepokea amri. Ni kama kuandika. Maandishi hayana sauti. Sauti inatokea kwa msomaji. Nguvu ya kubonyeza inapimwa kwa namba kuanzia 0 hadi 127, na waya mmoja una chaneli 16, yaani wapokeaji 16 wanaweza kuitwa kila mmoja kwa namba yake. Amri moja ya kubonyeza kitufe ina baiti tatu, na kwenye waya wa zamani wa pini tano huchukua karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Na hapa ndipo pa kutia mstari. Vinanda vingi vya enzi zile vilikuwa na matundu matatu: la kuingizia, la kutolea, na la tatu la kupitishia. Hilo la tatu kazi yake ni kurudia kile kilichoingia na kukipeleka kwa jirani. Kinanda kimoja, wapokeaji wengi. Maana yake kugawana kulikuwemo ndani ya MIDI tangu siku za mwanzo. Waliotengeneza walijua kwamba mpigaji ana mikono miwili tu, lakini wanaomsubiri ni wengi.

MLANGO WENYE KOMEO

Komeo likatoka wapi? Likatoka ndani ya kompyuta.

Bongo, kompyuta ya muziki ilianza kuzoeleka miaka ya 1990. Ni wakati ule ule Saleh Jabir alipokwisha kuthibitisha kwamba rap inaimbika kwa Kiswahili, Kwanza Unit wameungana, na mwaka 1994 zimeingia Radio One na televisheni ya ITV. Zikaja studio ambazo kila mpenzi wa muziki wa kizazi kipya anazijua: Mawingu, MJ ya Master J, Bongo Records ya P Funk Majani, Sound Crafters pale Temeke. Vijana wakapanda daladala na mashairi mfukoni kwenda kupanga foleni. Chombo kilikuwa kimehama kutoka kwa chama kwenda kwa prodyuza, lakini foleni ilikuwa ileile.

Desemba 1997 ikatoka programu ya Kibelgiji iitwayo FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Ilianza kama mashine ndogo tu ya ngoma ya kutoa amri za MIDI. Hiyo ndiyo iliyoivunja foleni, maana iliingia hadi vyumba vya uani. Studio zikaota kama uyoga Mbagala, Tandale, Manzese, Mburahati. Kutoka vyumba hivyo ikatoka singeli: vipande vya taarabu vikakatwa, vikazungushwa, vikakimbizwa kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kwa jina la Sounds of Sisso, na vijana wa uswahilini wakaanza kualikwa Ulaya. Angalia duara hilo: kinanda kiliwaondoa wapiga fidla, kisha singeli ikaja kukikata kinanda chenyewe vipandevipande.

Chumba cha namna hiyo tunakijua. Godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, feni imezimwa ili isiingie kwenye maiki, kompyuta moja, kinanda kimoja cha waya wa USB. Kijana amefungua programu ya kutengenezea biti, kinanda kinaitika. Mwenzake anataka programu ya pili, yenye sauti nzuri za fidla, nayo isikie kinanda hichohicho. Anaifungua. Inamjibu kwamba kifaa kinatumika na programu nyingine. Hasira zinaanza. "Oya, funga hiyo ya kwako kwanza!" "Nifunge nini, kazi sijaisevu!" Nimeshuhudia urafiki wa miaka ukiyumba kwa ajili ya dirisha moja la kompyuta.

Kisa chake hiki. Windows ilijifunza MIDI mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi ambayo mtu alitumia programu moja ya muziki kwa wakati mmoja na kuridhika. Dreva, yaani ile programu ndogo inayokaa kati ya kifaa na kompyuta, kwa kawaida iliruhusu mgeni mmoja. Aliyewahi kufungua mlango ndiye mwenye mlango. Wa pili anakuta komeo. Baadhi ya madreva yaliandikwa yaruhusu wengi, mengine hayakuandikwa hivyo, na mnunuzi hakuambiwa dukani. Mifumo mingine ilipita njia nyingine. Kompyuta za Apple, tangu ulipokuja mfumo wa Mac OS X mwaka 2001, zimeweka mtu wa katikati: yeye ndiye anayeshika kifaa, na programu zote zinakwenda kwake. Linux nayo ina mpango kama huo katika mfumo wake wa sauti uitwao ALSA. Huko kugombania mlango si hadithi kubwa.

KUGAWA NA KUCHANGANYA

Waliobaki na Windows wakafanya kile ambacho Waswahili tumekifanya siku zote: wakatafuta dalali. Programu kama MIDI-OX inakishika kifaa chenyewe, peke yake. Kisha nyaya za kubuni, zisizoshikika kwa mkono, zinatengenezwa ndani ya kompyuta. LoopMIDI ya Mjerumani Tobias Erichsen ndiyo inayofahamika zaidi. Dalali anapokea amri moja kutoka kwenye kinanda, anainakili, anaipeleka kwenye waya wa kwanza na wa pili. Programu hii inasikiliza waya huu, ile waya ule. Hakuna anayegusa mlango halisi. Microsoft yenyewe baadaye ikaamua kuujenga upya mfumo wake wa MIDI kwa ajili ya Windows 11, na mojawapo ya shabaha ilizotangaza ni hiyo: kifaa kimoja kifunguliwe na programu nyingi bila dalali.

Lakini hapa pana funzo ambalo mafundi wanalijua na wengine tunalisahau. Kugawa ni rahisi, kuchanganya ni kazi. Amri ya kinanda ikitoka sehemu moja kwenda kwa wengi, inanakiliwa tu, kama tangazo la msikitini. Anayesikia hampunguzii jirani yake. Kinyume chake ndicho kigumu, yaani programu mbili zinapotaka kukiamuru kinanda kimoja kwa wakati mmoja. Kumbuka amri ina baiti tatu. Programu ya kwanza ikiwa imefika baiti ya pili, ya pili ikapenyeza ya kwake katikati, kinachofika ni upuuzi, kama watu wawili wanaosema kwenye kipaza sauti kimoja. Lazima awepo wa kusubirisha: huyu amalize sentensi yake, ndipo yule aanze.

Hata zikisubiriana, kuna mtego mwingine. Zikitumia chaneli moja, programu ya kwanza inaweza kuwa imeushikilia mlio, ya pili ikatuma amri ya kuuachia mlio huohuo. Sauti inakatika na hakuna anayejua nani kaikata. Dawa yake ni kila mmoja kupewa chaneli yake. Zipo 16, zinatosha. Na mtego wa tatu ni duara: ukielekeza kinachotoka kirudi kuwa kinachoingia, amri moja inazunguka bila kikomo mpaka kompyuta inaganda.

Nikizitazama kanuni hizi tatu, yaani kusubiriana, kila mtu na nafasi yake, na kutojirudishia maneno yako mwenyewe, naona kumbe ndizo kanuni za kuongoza bendi. Orchestra yenye magitaa matatu ilikuwa inafanya kazi hiyo kila Jumamosi bila kompyuta. Solo, rizim na besi walikuwa na njia zao, na mpiga rizim aliyevamia njia ya solo aliambiwa palepale jukwaani, kwa jicho.

KIDOLE HAKINA JINA

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Amri ya MIDI inasema kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, lini kimeachiwa. Haisemi ni kidole cha nani. Ndani ya baiti zile tatu hamna nafasi ya jina.

Zamani tulisema wimbo ni wa NUTA, wimbo ni wa Mlimani. Wapigaji wamezeeka, wengine wamezikwa, na watoto wao wanausikia muziki wa baba zao kwenye matangazo bila kujua wamwendee nani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999 na ikaanzisha chombo cha kuisimamia, COSOTA, lakini kwa wengi wa wazee wale ushahidi ulikuwa umekwisha kupotea. Nani alitunga, nani alipiga, siku gani? Walibaki na kumbukumbu, na kumbukumbu haisimami mbele ya karani.

Sasa tunarudia yaleyale kwa mashine mpya. Kijana anaingia studio ya mwenzake, anapiga kinanda dakika kumi, amri zinahifadhiwa, zinanakiliwa kwenda programu ya pili, ya tatu, zinakatwa, zinakimbizwa. Biti inatoka na jina la mwenye kompyuta. Si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mshkaji mzuri tu, kasahau, na mashine haikumkumbusha, kwa sababu mashine haikuulizwa. Ufundi wa kugawana kifaa umeshapatikana na ni wa bure. Ufundi wa kugawana jina bado haujaandikiwa programu, na pengine hauhitaji.

Unahitaji daftari la shilingi chache. Tarehe, nani alikaa kwenye kinanda, nani alileta wazo, nani alichanganya, na sahihi za wote kabla taa haijazimwa. Sisi tunaojifunza kuandika tumekuwa tukilalamika kwamba kitaa hakina kazi kwa waandishi. Kazi ndiyo hiyo, iko chumba cha tatu kutoka hapo ulipokaa, na mlango wake uko wazi.